Ua wa nyumba Mombasa: maji kwanza, makuti baadaye

Anayetaka kutengeneza ua kwa kawaida huanza na picha: banda la makuti, kabro (matofali ya kutandika ua) za rangi mbili, baraza la kubarizi jioni. Picha ni nzuri, lakini haikwambii mvua ya Mei itapitia wapi. Hapa Mombasa kinachoharibu ua ni maji. Mvua hukosa njia ikasimama mlangoni, maji ya chumvi ya kisima hukausha nyasi, na shimo la choo hufunikwa kwa zege na mtu ambaye hakuuliza liko wapi. Ndiyo maana mchoro wa kwanza unapaswa kuwa wa maji.

Chora kiwanja kwa vipimo. Onyesha nyumba, kuta, geti, miti, kisima, tangi la maji, septiki (tangi la majitaka ya choo) na mifuniko yake yote, bomba na nyaya zilizozikwa. Kisha tafuta mteremko kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji, ule mafundi wanaopimia levo: mmoja ashike ncha ukutani, mwingine atembee na ncha ya pili kila pembe, mkiandika tofauti kwa sentimita. Kazi ni ya nusu saa, na itakuonyesha kama maji yanaelekea barabarani, kwa jirani au chini ya msingi wako mwenyewe.

Sasa piga hesabu. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita 80 za mraba na kabro za mita 120 hukupa lita 10,000. Shimo la kunyonya la mita 2 kwa 2, kina cha mita 2.5, lina ujazo huohuo, lakini ukilijaza mawe nafasi inayobaki kwa maji ni kama asilimia 40 tu. Hapa wengi hukosea: wamechimba shimo la kutosha, kisha wamelijaza wenyewe. Afadhali kulijenga kwa mawe ya matumbawe, kozi za chini bila saruji ili maji yapenye, likabaki wazi ndani na kufunikwa slabu yenye mfuniko. Nyali na Bamburi matumbawe hunywa maji haraka. Upande wa Changamwe na Miritini kuna udongo mzito wa mfinyanzi, na shimo peke yake halitoshi, utahitaji mfereji. Jaribu kabla ya kuchimba: chimba kishimo cha nusu mita, kijaze maji, yakiisha kijaze tena, uangalie yanashuka kwa kasi gani mara ya pili.

Matumbawe hayo yanayokunywea mvua hupitisha uchafu vilevile. Weka kisima mbali na septiki, mita 30 ikiwezekana, na usiruhusu banda wala mti mkubwa juu ya septiki. Acha pia njia ya mpira wa lori la kunyonya majitaka. Ukuta wa jiko la nje ukiziba njia hiyo, siku septiki ikijaa utauvunja.

Makaratasi yanafuata, na swali la kwanza ni ardhi ni ya nani. Majengo, Kisauni na Likoni zimejaa nyumba bila ardhi: jengo ni lako, kiwanja ni cha mwenye ardhi unayemlipa kodi. Katika hali hiyo pata idhini yake kwa maandishi kabla ya kumwaga zege lolote, na bajeti yako ielekee vitu vinavyohamishika, kama mabenchi ya mbao, vyungu vikubwa na kabro zilizolazwa juu ya dasti (vumbi la mawe) bila saruji, ambazo zinang'oleka.

Kupanda maua na nyasi hakuna anayekuulizia. Banda lenye nguzo na paa, ukuta mpya, bwawa la kuogelea au jiko la kujengwa ni jambo jingine. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya ujenzi, na anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Andaa nakala ya hatimiliki, matokeo ya upekuzi wa ardhi, risiti za ada za ardhi na michoro ya mtaalamu aliyesajiliwa. Kisima cha kuchimba kwa mashine kina kibali chake kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kama nyumba iko Mji wa Kale, pitia kwanza ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, hata kama unagusa baraza la mbele tu.

Kaunti ina siku 60 za kujibu ombi, kwa hivyo panga tarehe kurudi nyuma. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu, jenga hapo. Panda masika yakianza, Aprili, mvua ikusaidie kumwagilia. Basi michoro iwe mezani mwa kaunti kufikia Septemba. Anayeanza kuchimba Aprili hulipa vibarua kuchota maji shimoni.

Kwa kabro, hesabu ni rahisi. Tofali la sentimita 20 kwa 10 huingia 50 kwa mita ya mraba. Mita 50 ni 2,500, ongeza asilimia 5 ya kukatwa na kuvunjika. Unene wa milimita 60 unatosha miguu na gari dogo. Lori la maji likiingia kila wiki, chukua 80. Chini yake weka hadikoo (mawe yaliyovunjwa) ya sentimita 15 iliyoshindiliwa kwa mashine, na juu yake dasti ya sentimita 5. Dasti ya mita 50 ni mita za ujazo 2.5, nayo hushuka ikishindiliwa, kwa hivyo agiza 3 na kidogo, karibu tani 5. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Kabro zinazobonyea baada ya mwaka mara nyingi hazina kosa lolote. Hadikoo haikushindiliwa, au kingo hazikufungwa kwa zege na matofali yakaanza kutawanyika. Mchanga wa pwani uukatae hata ukiletwa bure. Chumvi yake hutoa unga mweupe juu ya sakafu na huozesha nondo ndani ya zege. Ukipenda jiwe badala ya kabro, la Mazeras na la Galana yanavumilia jua na chumvi vizuri.

Banda la makuti hudanganya bajeti kuliko kitu chochote. Mtu anasema banda langu ni mita 4 kwa 4, anapiga hesabu ya mita 16. Paa la makuti linataka mwinamo wa nyuzi 45 ili maji yateleze upesi, likiwa la bapa zaidi huoza. Ongeza ukingo wa sentimita 60 kila upande, unapata mita 5.2 kwa 5.2, na kwa mwinamo huo eneo la kuezeka ni karibu mita 38. Kuti la mita moja likipangwa kila sentimita 10, unahitaji 380. Ukitaka paa zito la kila sentimita 7, zinapita 540. Huo ndio ununuzi wa kwanza. Makuti hubadilishwa baada ya miaka michache, kwa hivyo gharama ya pili iandike leo. Makombamoyo ya paa na nguzo za mvinje zinapatikana kwa urahisi. Zipakwe dawa ya mchwa na zikae juu ya vyuma vya miguu, zisizikwe ardhini. Jiko la mkaa liwe upande wa magharibi wa ua, mbali na makuti: pepo za msimu, kusi na kaskazi, zote mbili huvuma kutoka upande wa mashariki, kwa hivyo zitaupeleka moshi mbali na waliokaa.

Mimea ina somo zuri hapahapa Bamburi. Kuanzia 1971 René Haller alipanda miti katika machimbo ya chokaa yasiyo na udongo, na mvinje ukashika. Majani yake yaliyodondoka yakaliwa na majongoo, yakawa mboji ya kuoteshea miti mingine. Maana yake kwa ua wako: chimba shimo la mti la mita moja pande zote, toa matumbawe, jaza udongo mwekundu na mboji, na majani makavu yabaki chini ya mti badala ya kuchomwa. Msanapichi, bogenvilia, mkadi na mnazi huvumilia upepo wa chumvi.

Nyasi zifikirie mara mbili. Mita 100 za nyasi kiangazi hutaka kama lita 500 kwa siku, yaani 15,000 kwa mwezi. Bomba likikauka, hayo ni maji ya lori. Kama kisima chako kina chumvi, nyasi aina ya paspalamu ndiyo yenye matumaini zaidi, na kipande cha mita 30 chenye kivuli kinapendeza kuliko uwanja uliogeuka rangi ya makaratasi.

Katika bajeti, tenga kwanza vya chini ya ardhi: mifereji, shimo, bomba, na mabomba matupu ya nyaya za baadaye. Taa za nje zipitie swichi ya kinga ya miliampea 30, ile inayokata umeme ukivuja, na fundi wa umeme awe na leseni. Akiba iwe asilimia 15, kwa sababu mwamba wa matumbawe hauonekani mpaka sururu igonge. Malipo ya fundi yafuate hatua zilizokamilika: kuchimba na mifereji, hadikoo iliyoshindiliwa, kabro, paa. Asilimia 10 ya mwisho izuiliwe kwa makubaliano ya maandishi mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite, mtembee pamoja uani mkiangalia palipotuama.