Mlembe huyu huyu, rafiki kwa huyu na kupe kwa yule

Jamani leo acha niongelee mlembe, huyu ndege ananishangaza kila nikimfikiria. Wahadza kule Ziwa Eyasi wanampigia mluzi, Wayao wa Niassa huko Msumbiji wana mlio wao kabisa, "brrr-hm", basi anakuja, anaruka mti hadi mti huku anaita mpaka kwenye nyuki, watu wanafukiza moshi wanapasua, asali inakuwa ya watu, nta na majana (watoto wa nyuki) vinakuwa vya ndege. Hapo wote wamefaidi, hiyo ndo kunufaishana yenyewe.

Sasa ngoja. Mlembe huyo huyo hajengi kiota, anataga kwenye viota vya wenzake kama keremkerem, na kifaranga chake kinatoka kipofu ila mdomo una ncha kali zilizopinda, kinadunga makinda ya mwenye nyumba mpaka yanakufa yote. Huo ni ukupe kabisa!

Ndo maana mtu akiniuliza mlembe yuko kundi gani, la kunufaishana au la ukupe, namuuliza kwanza, akiwa na nani? Yangeyange na ng'ombe angalau ni rahisi, ndege anadaka panzi wanaoshtuliwa na kwato, ng'ombe anaendelea tu na majani yake, hafaidi wala hadhuriki.