Kamera za sola za elfu tano: nunua, lakini jua unanunua nini

Ukipita Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki hapa Nairobi, siku hizi huwezi kosa kuziona, zimetundikwa kwa mlango wa duka, zile nyeupe za kichwa cha kuzunguka na kapaneli juu, na kijana wa kuita wateja anakuambia hii ni 4K mkubwa, inarekodi saa ishirini na nne, betri elfu ishirini, leta elfu tano twende. Mimi niko na moja kwa geti huku Utawala na majirani wananiuliza kila saa kama ni pesa ya maana ama ni kutupa, wacha niseme vile naona.

Zinafaa. Lakini si kwa ile kazi unaambiwa dukani.

Hizi kamera hulala. Kapaneli kadogo hivyo hakawezi lisha kamera inayorekodi mchana na usiku, kwa hivyo inazima karibu kila kitu inabakisha sensa ya kuhisi joto la mwili, mtu akipita ndio inaamka na kuanza kurekodi. Hapo kwa kuamka inapoteza sekunde moja mbili, na kama jamaa ako mbio unabaki na video safi ya mgongo wake. Dawa iko kwa kufunga: hiyo sensa inashika haraka mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekuja moja kwa moja, sasa usiielekeze geti uso kwa uso, ifunge kwa ukuta wa kando, mtu akiingia awe anakatiza. Na usiiweke nyuma ya kioo cha dirisha, joto la mwili halipiti kioo, itakaa hapo kama ua la plastiki.

Kuhusu hiyo betri elfu ishirini, mwambie afungue kifuniko cha nyuma. Nyingi utapata ni seli za 18650, zile za tochi, mbili ama tatu. Seli moja ya hiyo saizi, hata ya kampuni nzuri, inabeba kama mAh 3,500 (mAh ndio kipimo cha chaji, hata ile elfu ishirini ni mAh), piga hesabu mwenyewe uone kama elfu ishirini inafika. Hakuna haja ya kugombana na yeye, wewe shusha bei tu.

Jua la Nairobi ni lingi lakini lina msimu. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini, kwa hivyo paneli ilale karibu flati, mteremko kidogo tu wa mvua kuosha vumbi, na huku kwetu vumbi ni hadithi ingine. Julai mawingu yakikaa hadi saa nane mchana utaona betri ikishuka kila siku, hapo punguza ukali wa sensa paka wasiiamshe usiku kucha, ikizidi ishushe uchaji na chaja ya simu.

Sababu yangu kubwa ni stima. Ile blackout ya 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikuwa giza, hadi uwanja wa ndege wa JKIA, na kamera za waya zisizo na betri zilizima pamoja na taa, saa ile ile unaihitaji. Ndio maana nasema chukua ya laini ya simu kuliko ya waifai, juu ya waifai ruta ikizima utabaki na video kwa memori kadi lakini simu yako hailii, na hiyo memori kadi iko ndani ya kamera, mwizi akiing'oa ameenda na ushahidi wake. Ifunge juu mtu asiifikie bila ngazi. Paswadi ya kiwandani badilisha siku hiyo hiyo, na usielekeze kwa mlango wa jirani, utatafuta maneno bure. Bando haili sana kama hukai ukiangalia laivu, lakini najua mtakaa mkiangalia, wiki ya kwanza kila mtu huangalia.

Soja wetu ndiye peke yake hajaipenda.

Mwenye duka la M-Pesa, hii si yako. Wewe unataka kila dakika ya kaunta, noti ikihesabiwa, mkono ukiingia droo, na kamera inayolala haiwezi kukupea hiyo. Chukua ya waya na DVR, ile mashine ya kurekodi video bila kusimama, alafu utafute kabetri ka kuishikilia stima ikienda.