Jiografia na Sosholojia: Nilivyozisoma kwa Bonde Moja

Ukimwambia mtu unasoma jiografia ya binadamu na sosholojia kwa pamoja, anadhani umejichagulia mteremko. Subiri katikati ya muhula. Huku unadaiwa ramani, kule unadaiwa insha ya Durkheim, mmoja wa waasisi wa sosholojia, na vipindi vimegongana saa moja asubuhi. Mimi niliokolewa na uamuzi mmoja: kila kazi niliyoachiwa nichague eneo mwenyewe, ya idara yoyote ile, niliipeleka Bonde la Msimbazi, bonde la mto linalofurika katikati ya Dar es Salaam.

Sababu ya kwanza ilikuwa ubahili tu. Bumu, ile pesa ya mkopo wa chuo, halitoshi kuzunguka mji mzima, na bonde lenyewe linapitiwa na mwendokasi pale Jangwani. Data nazo zilikuwepo. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora kata zinazofurika, nyumba kwa nyumba, mfereji kwa mfereji, na ramani zile yeyote anaweza kuzipakua. Nikazifungua kwenye QGIS, programu ya kompyuta ya ramani, nikahesabu mapaa, nikajiona nimemaliza kazi ya jiografia.

Kazi ya sosholojia ndiyo iliyonipeleka ndani ya mapaa yale. Unaingia nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba huku na huku, mwenye nyumba kabaki na chumba cha mbele, vingine kapangisha, na kila mlango una jiko lake la mkaa. Ramani inaonyesha paa moja, kumbe ni kaya tano au sita. Ukutani kuna mstari wa tope wa mafuriko yaliyopita. Mlango mkubwa umejengewa kizingiti cha saruji kinachonifika gotini. Vyumbani, wapangaji wamepandisha vitanda juu ya matofali. Kimo cha mstari ule nilikipima kwa futi kamba, hiyo ni jiografia. Nani alilipia saruji, na nani aliambulia matofali, swali hilo ni la idara ya pili. Tangu siku hiyo nikawa na daftari moja: ukurasa wa kushoto vipimo, wa kulia maneno ya watu.

Kwenye nadharia pia kuna nafuu ambayo wengi hawaistukii. Ernest Burgess, mwanasosholojia aliyeuchora mji wa Chicago mwaka 1925 kama duara zinazozungukana, maskini karibu na katikati na wenye nazo duara za nje, tulifundishwa na idara zote mbili, kila moja ikimwita wake. Madesa mawili, mtu yuleyule! Nilimsoma mara moja, kisha nikamjaribu kwa Dar. Hapa mji umenyooka kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Nyerere na Kilwa, na wenye nazo wako Oysterbay na Masaki, baharini, si kwenye duara la nje. Ukitafuta sababu unakutana na mkoloni aliyegawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Jibu hilo lilinibeba kwenye mitihani yote miwili.

Kuhusu mahojiano: beba barua ya chuo, pitia kwa mtendaji wa mtaa, kisha kwa mjumbe. Na usiulize "kwa nini hamhami?" Swali hilo wamelisikia kwa kila ofisa, na wapo walioamkia alama ya X nyekundu ukutani, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Mimi niliuliza, "Jana ulitoka saa ngapi, ukaelekea wapi?" Mama mmoja muuza mboga akanieleza anavyotoka alfajiri kwa miguu hadi Kariakoo kufuata mzigo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, kule Bunju. "Mwanangu," akasema, "nikikaa huko, nauli ndiyo itakula mtaji." Sentensi hiyo niliiandika kulia, kushoto nikaandika umbali.

Kama unaanza mchanganyiko huu, somo la takwimu lichukue mapema, maana idara zote mbili zitakudai, na omba wasimamizi wawili wa utafiti wa mwisho. Watavutana. Wangu wa jiografia alitaka ramani ikae sura ya kwanza, wa sosholojia akataka mahojiano yatangulie. Mwishowe niliweka mchoro wa ile nyumba ya korido mwanzoni kabisa, chumba kwa chumba, na kimo cha maji kwenye kila mlango. Wote wawili wakasaini.