Bakora ya Ami

Umeme wa Unguja ulikatika Disemba 2009, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu yote hiyo hom thieta ya Ami ilikaa ndani ya boksi lake juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kanga. Mwanawe wa kwanza alikuwa ameileta kutoka Dubai wiki chache tu kabla ya giza: spika tano, sabufa moja na deki ya kuchezea sidii. Ami alikuwa akipita chini ya kabati, analigusa boksi kwa ncha ya bakora, halafu anakwenda zake barazani.

Umeme uliporudi, jenereta za vichochoroni zikanyamaza, na mji ukawa na utulivu ambao tulikuwa tumeusahau. Fundi aliitwa, akafunga kila kitu kwa asubuhi moja. Juma lililofuata Ami alinipigia simu.

“Njoo unisikilizie hii kitu,” akasema. “Inapiga kelele, lakini sauti yake haina mwenyewe.”

Nilikuwa na miaka 26, na riziki yangu ilikuwa spika. Nilifuatana na watu wanaokodisha vyombo vya harusi na maulidi, na ukifika msimu wa tamasha la Sauti za Busara nilibeba waya Ngome Kongwe. Huko ndiko nilikojifunza mengi, kwa sababu mafundi wageni hawakuwa wachoyo, ukiwauliza wanakueleza. Basi nilikwenda kwa Ami nikijua kazi itanichukua nusu saa. Ilinichukua siku nzima, tangu chai ya asubuhi mpaka baada ya Alasiri, na sijapata siku nyengine ya kazi ninayoikumbuka kama ile.

Nyumba yake ilikuwa Mkunazini, ghorofa ya pili. Anayezijua nyumba za Mji Mkongwe anajua vyumba vyake: virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Ukumbi wa Ami ulikuwa na upana wa mita tatu na urefu kama mita saba. Kuta za mawe na chokaa, chini vigae, madirisha wazi. Nilipopiga kofi moja katikati ya ukumbi, kofi lile liliendelea kulia kati ya kuta mbili, tititititi, kama sarafu iliyoanguka juu ya vigae. Chumba cha namna hiyo humeza maneno ya mwimbaji hata kama spika zako ni za bei gani.

Fundi alizitundika spika zote juu, karibu na boriti, nne kati yake moja kila pembe, kama wanavyofanya madukani. Sabufa aliisukuma kwenye kona nyuma ya mlango. Kiti cha Ami kilikuwa kimeegemea ukuta mrefu, ubavuni mwa chumba, spika moja karibu na sikio lake na nyengine mwisho wa ukumbi.

Ami alikuwa mpiga fidla. Alipiga kwa miaka zaidi ya thalathini, mpaka vidole vilipoanza kukakamaa. Sidii aliyotaka kuisikiliza ilikuwa moja tu. Ilitokana na kaseti ya harusi moja Malindi, mwaka 1987. Jamaa mmoja alikuwa ameweka juu ya stuli, mbele ya wapigaji, redio kaseti kubwa ya zama zile yenye maikrofoni mbili, moja kila upande, akarekodi usiku kucha. Mwanawe Ami aliihamishia kwenye sidii huko Dubai. Kabla ya hapo Ami alikuwa ameisikiliza miaka yote kwa redio yake ndogo ya spika moja.

“Sikiliza,” aliniambia. “Mwimbaji alikaa kati. Mimi ukitutazama niko kulia. Mpiga kanuni kushoto. Nyuma yetu besi, dumbaki karibu na kanuni. Sasa tia.”

Kanuni ni chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa kimelazwa, na dumbaki ni ngoma. Nikatia. Ami akafumba macho, akainua bakora kumtafuta mwimbaji. Bakora ikaelekea darini, ikashuka kwa mlango, ikazunguka nyuma yake, ikarudi darini. Hakufungua macho.

“Unaona? Yupo kila pahala.”

Hiyo bakora ikawa ndiyo kipimo chetu. Nimefanya kazi na watu wenye mitambo ya kupimia sauti, na bado sijaona chombo kilichonifaa kuliko mzee aliyefumba macho na kunyoosha fimbo.

La kwanza lilikuwa jepesi. Mashine ilikuwa imewekwa kwenye mtindo wa senema, ule unaoimwaga sauti kwenye spika zote tano. Senema imetengenezewa spika za nyuma, imerekodiwa kwa ajili yao: mvua inanyesha nyuma yako, gari linapita ubavuni. Kaseti ya harusi ina njia mbili tu, kulia na kushoto, na ukiigawa mara tano unamchana mwimbaji vipande. Nikazima zote, nikabakisha mbili za mbele. Nikaziteremsha, nikaziweka juu ya stuli mbili upande wa ukuta mfupi, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, mita mbili baina yao. Kiti cha Ami nikakihamisha katikati ya ukumbi, umbali kama huo huo kutoka kila spika. Nilipima kwa kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu upande mmoja ukizidi hata kwa shubiri mbili, mwimbaji anahamia upande ulio karibu.

Halafu tukaingia kwenye sabufa. Kutoka kona ile ilikuwa inavuma kwa noti moja. Mpiga besi anapanda, anashuka, na sisi tunasikia vuuu ile ile. Kona ndivyo ilivyo: kuta mbili na sakafu zinairudisha besi zote kwa pamoja. Tena chumba chenyewe kina mlio wake. Sauti inakwenda karibu mita 343 kwa sekunde, na baina ya kuta zilizoachana mita tatu, mtikisiko wa mara 57 kwa sekunde unajikuta unalingana na chumba na kukaa humo humo. Noti hiyo inavimba, na jirani yake inapotea.

Dawa yake niliipata kwa fundi mmoja Ngome Kongwe, na inataka magoti. Unaiweka sabufa pale pale anapokaa msikilizaji, unapiga muziki wenye besi inayotembea, halafu wewe unatambaa chini kandokando ya kuta, sikio karibu na sakafu, unatafuta pahala ambapo noti zote zinasikika sawasawa. Hapo ndipo sabufa inapokwenda, kwa sababu njia ya sauti kutoka hapa kwenda pale ni ile ile ya kutoka pale kuja hapa. Bi Mkubwa, mke wa Ami, alitoka jikoni na mikono ya unga akanikuta natambaa chini ya meza.

“Umeangusha nini, mwanangu?”

“Natafuta besi, Bi Mkubwa.”

Akatazama sabufa iliyokaa kitini pa mumewe, akarudi kwenye chapati zake. Besi niliipata kando ya dirisha la pili, thuluthi moja hivi ya ukuta mrefu. Tukaihamishia hapo, nikapunguza nguvu yake nusu nzima. Kwa kofi lile linalolia, Bi Mkubwa mwenyewe alitoa dawa: zulia la wageni, mapazia mazito ya Iddi, na godoro la sufi ambalo tulilisimamisha ukutani, ubavuni mwa spika ya kulia. Nikapiga kofi. Lilikufa pale pale.

Ami akakaa. Bakora ikapanda. Ikayumba.

Besi sasa ilikuwa inatembea na dumbaki ina ngozi, lakini mwimbaji alikuwa bado hana kituo, sauti yake nyembamba, kama anaimbia ndani ya kichwa chako. Niliitambua khabari hiyo, ila sikutaka kuiamini, maana nilikuwa nimetazama waya mwenyewe: nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi, nyuma ya mashine na nyuma ya spika.

Nikaiomba tochi. Ilikuwa ile ile iliyowamulikia miezi mitatu. Nikatoa betri moja, nikavua kitambaa cha mbele cha spika ya kulia, nikachomoa waya wake kwenye mashine na kuzigusisha ncha zake na betri, nyekundu kwenye chanya. Tap. Kile kikombe cha karatasi cha spika kikaruka mbele, kidogo, kama kifua kinachovuta pumzi. Nikaenda ya kushoto, nikafanya vile vile. Tap. Kikarudi nyuma.

“Tena,” akasema Ami, ambaye alikuwa ameinama karibu yangu, miwani mkononi.

Tap. Kikarudi nyuma.

“Hii inavuta wakati mwenziwe anasukuma,” akasema.

Ndivyo hasa. Spika mbili zikifanya hivyo, kile wanachokiimba pamoja wanakifuta, na kilicho katikati ndicho kinachopotea kwanza. Nikaufuata waya kwa vidole nyuma ya kabati mpaka nikakuta kifundo chini ya utepe mweusi. Waya ulikuwa mfupi, ukaungwa, na katika kuungwa rangi zikapishana. Simlaumu aliyeunga, nyuma ya kabati lile palikuwa giza, na mimi nimeunga waya nyingi gizani. Nikakata, nikamenya, nikasokota upya.

Ami alikaa, akafumba macho. Bakora ikapanda, ikaenda moja kwa moja baina ya spika mbili, penye ukuta mtupu chini ya saa, ikasimama. Hapakuwa na spika pale. Palikuwa na mwimbaji, na kimo chake.

“Huyo,” akasema taratibu. Bakora ikasogea kulia. “Mimi.” Ikasogea kushoto, ikatua kwenye nyuzi za kanuni zilizokuwa zinamwagika kama mchele kwenye ungo. “Na yule.”

Hakulitaja jina lake. Ukoo wote tuliijua kisa hicho. Katika nyimbo ya tatu ya harusi ile, kwenye kiitikio cha vyombo, kuna pahala sauti inapinda. Ami alisema kanuni haikutiwa sawa. Mpiga kanuni alisema fidla ndiyo iliyoteremka. Walibishana usiku ule mbele ya watu, na kwa miaka 23 hawakukaa tena baraza moja. Iddi walipeana mkono msikitini, basi. Kaseti ilisikilizwa mara mia nyumba hii, na katika spika moja ya redio, fidla na kanuni zilikuwa kitu kimoja, kila mtu akisikia alichokitaka.

Nyimbo ya tatu ilifika. Palipopinda, Ami hakutikisika. “Rejesha.” Nikarejesha. “Zima sabufa.” Nikazima. “Rejesha.”

Mara ya nne hata mimi nilisikia, na wala sikuwa nataka. Kushoto kanuni ilikuwa safi, nyuzi zake tatutatu zikilia kama moja. Kulia, fidla iliteleza polepole, chini ya noti yake, na ilikuwa uzi ule ule kila inapoguswa.

“Uzi wa pili,” akasema Ami. “Ilikuwa masika. Umelegea.”

Akakaa kimya mpaka nyimbo ikaisha. Kisha akamwita Bi Mkubwa amletee kofia na kanzu iliyopigwa pasi.

Tulikwenda kwa miguu mpaka Kikwajuni, Ami mbele, mimi nyuma. Nilimuuliza kama nichukue ile sidii akatikisa kichwa. Mpiga kanuni alikuwa barazani kwake na kikombe cha kahawa. Ami alisalimu, akaitikiwa. Hakukaa.

“Ile nyimbo ya tatu,” akasema. “Ilikuwa fidla. Uzi wa pili.”

Mzee yule aliweka kikombe chini. “Najua. Nilikwambia usiku ule ule.”

“Sikusikia.”

“Najua.” Akajisogeza, akapangusa baraza kwa kiganja. “Kaa. Leo umesikiaje?”

Ami akakaa, akamweleza yote: betri, godoro la sufi, mimi chini ya meza, kile kikombe cha karatasi kilichorudi nyuma. Alieleza kwa mikono, kama anayeeleza namna ya kutia chombo sawa. Mwenziwe alisikiliza, kisha akauliza saa ngapi watu huwa wamelala kule Mkunazini.

Alikuja kesho yake baada ya Isha. Tatizo langu likawa jipya, kwa sababu pahala pale pazuri, ncha ya tatu ya ile pembetatu niliyoipima kwa kamba, panakaa kiti kimoja. Ukiwaweka wazee wawili ubavu kwa ubavu, kila mmoja anavutwa na spika iliyo karibu naye: huyu anapata fidla, yule anapata kanuni, na mwimbaji hana wa kumpokea. Nilijaribu kushoto, nikajaribu kulia. Mwisho nikaviweka viti viwili mmoja nyuma ya mwengine, juu ya mstari wa katikati, kama viti vya daladala. Mpiga kanuni akapewa cha mbele. Ami akakaa nyuma yake, akafumba macho, akalaza bakora juu ya bega la mwenziwe, ikielekea chini ya saa.