Hanyolewi, ananyonyolewa

Sa hizi inakaribia saa sita usiku, shoo ya mbwa ni kesho asubuhi, na mi badala ya kulala nimekaa sakafuni naandika, vidole vyeupe kwa chaki kama mwalimu ndo katoka darasani. Siafu yeye kalala zamani. Siafu ni mbwa wangu, Fox Terrier wa manyoya magumu, jike, ana miaka minne, na jina hilo alilipata akiwa mtoto maana humu ndani hakuna kidole ambacho hakukionja.

Mkasi nimeufungia. Yaani uko kwenye buti la gari na funguo kapewa mke wangu, nikamwambia hata nikija kukuomba kwa machozi usinipe. Akacheka, akauliza kwani ni pombe? Nikamjibu ni mbaya zaidi.

Mtu akisikia unamwandaa mbwa kwa ajili ya shoo anadhani ni kazi ya jioni moja, unamwogesha, unampitisha mashine, unampulizia anukie vizuri, imeisha. Kwa mbwa wangu karibu kila kitu hapo ni kosa. Mzee aliyenifundisha hii kazi, siku ya kwanza kabisa nilifika kwake na mashine ya kunyolea mkononi najiona nimejiandaa, akaitazama ile mashine, akaniambia, "Weka hiyo chini mwanangu. Huyu hanyolewi, huyu ananyonyolewa." Nikadhani ananitania, kunyonyoa mi najua ni mambo ya kuku. Kumbe hakuna utani hapo.

Iko hivi. Hawa mbwa wana manyoya ya tabaka mbili, ya juu magumu kama brashi ya kusugulia, ya chini mafupi na laini. Maelezo rasmi ya aina hii yanataka yale ya juu yawe kama sentimita 2 begani mpaka kama 4 mgongoni na mbavuni. Sasa yale magumu yakishaiva yanakuwa yamekufa, yamekaa tu kwenye ngozi yanasubiri mtu wa kuyatoa, na hapo ndipo unaposhika machache kwa ncha, kidole gumba na cha shahada, unavuta kufuata yanavyolala. Yakiwa yameiva yanatoka bila ubishi, mbwa hata hashtuki. Yakiwa mabichi, Siafu anageuza shingo ananiangalia. Habweki wala hang'ati, ananiangalia tu, na lile jicho nikilikumbuka najisikia vibaya mpaka jioni. Chaki unaipaka vidoleni ili manyoya yasiteleze, ndo maana nimechafuka hivi. Kuna na kisu maalumu chenye meno butu, kinasaidia kushika, ila ukikitumia vibaya kinakata badala ya kung'oa na ukishakata umerudi kulekule kwenye mashine.

Kazi ya kesho ilianza wiki kumi na mbili nyuma. Mgongo na mbavu kwanza maana huko manyoya mapya yanahitaji muda wa kutoka na kukomaa, halafu shingo, halafu kichwa, mashavu na koo vinakuja mwishoni kabisa zikiwa zimebaki wiki chache. Ukikosea hesabu, mbwa anaingia ulingoni mgongo umekaa sawa kichwa kama ufagio, au kichwa safi mgongo upara.

Na mi nilishakosea hesabu. Miaka miwili iliyopita kazi zilinibana, wiki zikapita, siku nashtuka imebaki kama mwezi na mgongo wa Siafu sijaugusa. Nikasema ngoja, nani atajua? Nikaazima mashine. Dakika kumi, namaanisha dakika kumi kweli, mgongo ukawa laini kama meza, nikapiga na picha nikawatumia watu. Nilijiona mjanja jamani, nikaanza kujiuliza huyu mzee kwa nini ananitesa na vidole vyangu miaka yote hii.

Baada ya wiki kadhaa lile tandiko lake jeusi mgongoni likaanza kuwa la kijivu. Nikadhani ni vumbi. Nikabrashi, halitoki. Nikashika, laini kama pamba. Ikabidi nimpigie mzee, nikijua kabisa nitakachoambiwa. Ukikata kwa mashine, lile nyoya lililokufa linabaki na mguu wake ndani ya ngozi, jipya linakosa nafasi ya kutoka vizuri, yale laini ya chini yanakua yanatawala, na rangi iliyoiva iko upande wa ncha ambayo wewe ushaiacha sakafuni. Akaniuliza, "Hiyo mashine imekuokolea muda gani?" Nikasema kama masaa nane hivi. Akasema haya, yatumie vizuri.

Nikaenda shoo hivyohivyo, kiburi tu. Teria wa saizi hii jaji anamkagulia juu ya meza, anapitisha mikono, anaangalia meno, anashika bega, anahesabu mbavu kwa vidole. Yule jaji aliweka kiganja mgongoni kwa Siafu, akakipitisha mara moja, akakitoa, kisha akaniangalia mimi. Mimi, sio mbwa. Hakusema neno. Tukawa wa mwisho, na ilinichukua zaidi ya mwaka, nang'oa, nasubiri, nang'oa tena, mpaka ule weusi na ule ugumu ukarudi.

Tangu hapo nauogopa mkono wa jaji kuliko macho yake. Macho unaweza kuyachezea, na wote tunayachezea, tusidanganyane. Miguu ya mbele unaacha manyoya unayachana kwenda juu mpaka yasimame kama nguzo mbili. Siafu ana kabonde kadogo nyuma ya mabega, hakaonekani, kwa sababu kila msimu hapo naacha manyoya mengi kidogo kuliko pembeni. Hivi huo ni udanganyifu? Mi naona ni sawa na fundi cherehani kumshonea mtu mwenye bega moja chini, anaweka kitambaa ndani na maisha yanaendelea. Kupaka rangi hapo ndo uongo. Na chaki pia, unaitumia mezani lakini lazima uitoe yote kabla ya kuingia, maana jaji akipiga kiganja kwenye mguu wa mbwa wako na likatoka wingu jeupe, mashindano mengi hiyo ni kesi.

Wenye Poodle, wale mbwa wa manyoya ya kujikunja, wana maisha tofauti kabisa, wao mkasi ndo mungu wao. Niliwahi kupangwa jirani na dada mmoja mwenye Poodle mkubwa, kafika kabla yetu, tumefunga virago tumemwacha hapohapo anazunguka yule mbwa anakata milimita milimita. Mi nilikuwa nacheka ule mtindo wa upara nyuma na mabonge kwenye viungo mpaka aliponieleza kuwa asili yao ni mbwa wa majini, wa kuokota ndege walioangushwa na wawindaji, hivyo walipunguzwa manyoya ili waogelee wepesi na yakaachwa kifuani na kwenye viungo wasipate baridi. Sa hizi imebaki urembo, lakini kicheko kiliniishia.

Na msione tunajitesa bure, mbwa wa aina ya Siafu wana historia yao. Pale Westminster, New York, shoo iliyoanza 1877, wao ndo wameshinda taji kuu mara nyingi kuliko aina yoyote, mwenzao mmoja anaitwa King alipolichukua 2019 ikawa mara ya 15. Kila nikitazama picha za King natazama mgongo tu, mke wangu anasema nina ugonjwa.

Leo nilichofanya ni kidogo sana ukilinganisha. Miguu na ndevu nimeziosha, mgongo haujaguswa na maji, shampuu usiku wa kuamkia shoo inalainisha manyoya na kazi ya wiki kumi na mbili inakwenda na povu. Shampuu ni ya mbwa, ngozi yao sio kama yetu, ile ya kwetu ina asidi zaidi. Nikasuuza, nikasuuza tena, nikakausha kwa draya huku nachana kwenda juu, kidogo kidogo, ukiacha yakauke yenyewe yanajikunja na hutayanyoosha tena.

Kucha zilinitoa jasho. Zake nyeusi, mshipa wa ndani hauonekani, unakata kajipande kembamba, unachungulia kati, unakata tena mpaka uone kadoa ndo unaacha. Mguu wa kushoto nilizidisha, damu ikatoka, kidogo tu lakini kwenye mguu mweupe, usiku wa shoo! Nikabana na ule unga wa kukausha damu, nikamshikilia pale mezani dakika nzima tunatazamana, mi naomba msamaha yeye anapiga miayo.

Halafu ndo likaja lile lililonifanya nifungie mkasi. Nilikuwa nimemaliza, kweli nimemaliza, nikarudi nyuma hatua tatu kumwangalia kwa mbali, nikaona sikio la kulia lina kamanyoya kamezidi. Nikakata. Sasa la kushoto likawa refu. Nikakata. La kulia tena. Mke wangu akapita, akasimama mlangoni, akaniuliza utaacha lini, ukifika kwenye fuvu? Nikauangalia mkasi, nikauangalia mkono wangu, ulikuwa unarudi tena kwenye sikio wenyewe bila mimi kuuambia.

Nimemchungulia sasa hivi. Kalala ubavu wa kushoto, ule ule niliouchana mwishoni, na manyoya ya mguu wa mbele yamelala chapa kama nyasi zilizokaliwa. Kesho nitaamka mapema na chupa ya maji ya kupuliza na kitana. Kitana tu. Saa sita imeshapita, na kutoka hapa nilipo naliona lile sikio la kulia.