Kiongozi huzaliwa, au hufundwa?

Mwishoni mwa mwaka jana, baada ya mgao wa akiba zetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa kililazimika kuchagua mwenyekiti mpya, kwa kuwa aliyekuwapo alikuwa anahamia mkoa mwingine. Tulikaa kwenye mikeka chini ya mwembe, sanduku la chuma lenye kufuli tatu likiwa katikati yetu, na jina la kwanza kupendekezwa lilikuwa la mama mmoja anayepika vitumbua karibu na kituo cha daladala, ambaye kwa miaka minne alikuwa mmoja wa washika funguo. Mzee mmoja akaomba nafasi. Alisema kwamba hamkatai mama huyo, ni mtu mwema na mwaminifu, lakini uongozi ni kipaji, mtu huzaliwa nacho, na huyu hata sauti yake haisikiki kutoka mkeka mmoja hadi mwingine.

Nakiri kwamba siku hiyo nilikuwa upande wa mzee. Mimi mwenyewe nilipokuwa darasa la sita niliteuliwa kuwa kiranja kwa sababu nilikuwa mrefu na nilikuwa na sauti kubwa, na walimu wakasema nina kipaji. Kazi yangu mwaka mzima ilikuwa kuandika majina ya wapiga kelele, na katika orodha zangu zote halikuwahi kuonekana jina la rafiki yangu hata mmoja. Hakuna aliyenifundisha namna ya kumwandika rafiki, wala hakuna aliyedhani kwamba hilo ni jambo la kufundishwa.

Tangu siku ile ya uchaguzi nimekuwa nikimfikiria Bibi Titi Mohamed, kwa sababu yeye ndiye hutolewa mfano mara nyingi na watu wanaoamini kwamba kiongozi huzaliwa. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, hakuwa na elimu kubwa ya shuleni, na bado mwaka 1955, TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilipomkabidhi kitengo cha wanawake, aliwaingiza wanawake wa mjini kwenye chama kwa maelfu katika muda wa miezi michache. Ukiitazama habari hiyo kuanzia hapo, utaona muujiza. Lakini kabla ya TANU, Bibi Titi alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Anayezijua ngoma za kina mama wa mjini anajua kwamba anayeanzisha wimbo hapewi nafasi hiyo kwa koo lake tu: lazima awasome watu usoni, ajue ni lini kiitikio kinalegea, apatanishe waliogombana juu ya sare au mchango, na awafanye wanawake wa mtaa huu wakubali kucheza na wa mtaa ule. TANU haikumfundisha mambo hayo; ilimkuta nayo, na ikapita mlango uleule wa vikundi vya ngoma kuwafikia wenzake. Sauti yake labda alizaliwa nayo. Miaka ya mazoezi iliyofuata haikuandikwa popote, kwa sababu ilifanyikia uwanjani, katika shughuli iliyoonekana kuwa ya starehe, na zaidi ya yote ilikuwa ya wanawake.

Kuhusu Mwalimu Nyerere husemwa kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, kwani baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Sawa, lakini mtemi huyo alikuwa na wake wengi na watoto wengi, na damu ilikuwa ileile kwa wote. Ninachokiona mimi ni kijana aliyepita katika vyama vidogo vya wanafunzi pale Makerere, kisha katika TAA, chama kilichoitangulia TANU, huko Tabora, miaka mingi ya vikao visivyo na waandishi wa habari, kabla ya kuchaguliwa rais wa TAA mwaka 1953 na wa TANU mwaka uliofuata. Na alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki zipatazo sita tu baada ya Uhuru, ili akakijenge upya chama, nchi ilipokewa na Rashidi Kawawa, aliyekwisha kukomaa katika vyama vya wafanyakazi.

Sisemi kwamba watu wote huzaliwa sawa. Yupo mtoto mtulivu na yupo mwenye hasira za karibu, na anayepanda hasira upesi ana safari ndefu zaidi. Wala sisemi kwamba semina zitatuokoa. Nimehudhuria nyingi za uongozi bora, na nilichorudi nacho zaidi ni kalamu na posho.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, hata ukiwa na ugomvi nalo katika mengine, halikutegemea kwamba kiongozi amezaliwa mwema. Lilimwekea masharti: asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Sanduku letu lina kufuli tatu kwa sababu hiyohiyo, na mtu aliyekuja na ufunguo wake kila Jumamosi kwa miaka minne, mvua na jua, akihesabu noti mbele ya watu huku wakopaji wakimnong'oneza, alikuwa amefundwa, ingawa sisi tulidhani anashika ufunguo tu.

Alishinda kwa kura chache. Kikao chake cha kwanza kilikuwa kibaya: wasemaji walipokezana hadi magharibi, naye hakuweza kumkatiza hata mmoja. Cha pili alikuja na kengele ndogo ya baiskeli. Cha tatu nilichelewa mimi, dakika kumi, nikaanza kueleza habari za foleni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ileile ya chini iliyomtia wasiwasi mzee wetu, "Pole sana, kaka. Faini ni elfu moja." Nikatoa.