Anga la chumbani kwa Baba

Jana usiku niliwasha projekta ya nyota chumbani kwa Baba, na leo kutwa nzima sijafikiria kingine.

Baba ndiye aliyenifundisha nyota. Tangu aanguke akaumia nyonga hatoki tena nje usiku, na akiinua shingo anashikwa na kizunguzungu. Hajalalamika hata siku moja. Ila wiki chache zilizopita aliniuliza, kama mtu anayeulizia jamaa wa zamani: "Kilimia kimeshaonekana?" Kile kishada kidogo cha nyota. Nikakosa jibu. Nilikuwa na miezi sijatazama juu.

Nilipoanza kutafuta mashine nikakuta ziko za namna mbili. Nyingi ni za leza: mwale mmoja wa kijani hupitishwa kwenye kipande chenye mistari midogo mno, ukatawanyika kuwa mamia ya vitone, na taa za rangi zikaongeza kitu kama wingu la zambarau. Zinapendeza, sikatai. Lakini katika vitone vile hakuna hata kimoja chenye jina, na sikuona vipi ningempa vitone visivyo na majina mtu aliyezijua nyota kwa macho yake tangu utotoni. Nikachukua ya diski. Ndani yake kuna taa ndogo, juu ya taa diski iliyochapwa nyota kufuata ramani halisi ya anga, na juu ya diski lensi. Mashine ya kwanza ya aina hii iliyokuwa kamili, kazi ya mhandisi Walther Bauersfeld wa kampuni ya Zeiss, ilionyeshwa Munich, Ujerumani, mwaka 1923. Nikiishika hii yangu kiganjani huwa naiwaza ile.

Kuifunga si kazi. Kazi ni giza. Niliziba mwanya wa chini ya mlango kwa taulo, nikachomoa chaja iliyokuwa na kitaa cha kijani, nikaweka simu kifudifudi. Kisha tukakaa tu, maana macho huhitaji dakika ishirini au zaidi kulizoea giza, na ukichungulia simu mara moja unaanza upya. Darini kulikuwa na madoa meupe kama unga uliomwagika. Nikaizungusha pete ya lensi taratibu mno, madoa yakanywea, yakanywea, hadi yakawa ncha za sindano. Nikazidisha kidogo, yakavimba tena. Nikarudi nyuma. Pale pana mahali pamoja tu pembamba, ukipapata unajua bila kuambiwa, kwa sababu dari inatoweka.

Baba alinyamaza kimya. Nikadhani amesinzia.

"Mwanangu," akasema, "anga hili umeligeuza."

Sikumwelewa.

"Mtazame Jabari. Upanga wake ukining'inia chini, Kilimia hukaa upande gani?"

Nikafumba macho nilikumbuke kundi hilo la nyota lenye umbo la mtu mwenye upanga. Kulia, kwa juu. Nikafumbua: darini kilikuwa kushoto. Nilikuwa nimeipachika diski juu chini, na anga lote limetoka kama linavyoonekana kwenye kioo. Maelfu ya nyota, kila moja kwa umbali wake sahihi na jirani yake, na zote ni uongo. Mimi nilikuwa nimezitazama nusu saa nzima nikiridhika.

Nikaitoa diski kwa kuishika pembeni (alama ya kidole kwenye diski huwa wingu zima darini), nikaigeuza, nikalenga upya.

"Sasa ndizo," alisema Baba. Akatoa mkono nje ya shuka, akafuata kwa kidole zile nyota tatu za mkanda wa Jabari, akapanda nazo hadi nyota ya Aldebaran, akaendelea hadi Kilimia. "Ile Aldebaran ina wekundu. Hapa wameifanya nyeupe." Mota ya kuzungusha diski hakuitaka kabisa. Anga la kweli huchukua saa 23 na dakika 56 kuzunguka, na hili lilikuwa likimpita mbio kama lina safari. Nikaizima.

Nilijilaza mkekani kando ya kitanda chake. Nilitaka kumwambia kwamba mwanga wa Kilimia husafiri zaidi ya miaka mia nne kutufikia, na huu wetu unasafiri mita mbili tu kutoka kwenye meza, lakini alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini nyota anazoziona pale, moja, mbili, sita, na sikutaka kumkatiza. Alifika saba. Akarudia, akapata saba tena.

Mashine ilijizima yenyewe baada ya saa moja. Yeye alikuwa bado macho.

Leo asubuhi nilimwamkia, akaitikia, na kabla sijamuuliza amelalaje akaniambia tusogeze kitanda kidogo kuelekea dirishani, kwa sababu pale kilipo feni inamficha nyota ya Sirius.